Mfinyanzi Hulia Gaeni: Historia ya Ufa na Maarifa Tuliyoyadharau

Katika vitabu vyetu vya historia, chungu huitwa kizimbani kuwa shahidi wa mambo ya watu wengine. Kigae kilichookotwa shambani hutuambia wakulima wa kwanza walipita lini, biashara ya Bahari ya Hindi ilifika wapi, mji fulani ulianzishwa karne gani. Akishatoa ushahidi huo, shahidi huyu huruhusiwa kuondoka. Hakuna anayemuuliza habari zake mwenyewe: udongo wake ulichaguliwaje, kwa nini ulichanganywa na mchanga wa kiasi kile, kwa nini ulichomwa kwa moto mdogo, na ni nani aliyeamua hayo yote.

Makala haya yanakusudia kumwita shahidi huyo kwa mara ya pili na kumuuliza maswali hayo. Dai langu ni hili: wafinyanzi wa Afrika Mashariki, wengi wao wanawake, walikwishalitatua kwa mikono na macho tatizo ambalo sayansi ya kauri ilianza kulieleza kwa hesabu katika karne ya 20. Kwa kuwa hatukuwahi kulihesabu jambo hilo kuwa ni maarifa, tumejinyima urithi wa kiufundi, na hasara yake tunaiona hadi leo katika majiko ya Temeke na katika meza za wapanga mipango.

Nguvu na ustahimilivu

Lazima kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya. Nguvu ya chombo ni uzito au msukumo kinaoweza kuubeba kabla ya ufa wa kwanza kutokea. Ustahimilivu wake ni kile kinachofuata baada ya ufa huo kutokea. Bilauri ya kioo ina nguvu ya kutosha. Yaweza kubeba mzigo usioutarajia. Lakini ikishapata mkwaruzo mahali pabaya, pigo dogo tu huifanya ivunjike vipande mara moja. Chungu cha kupikia, kwa upande mwingine, hubonyezwa, hugongwa na mwiko, hutiwa maji baridi kingali cha moto, hupata nyufa ndogo zisizo na idadi, na bado kesho yake kinapikiwa maharage.

Methali yetu yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba, hiyo ni hekima timamu. Mfinyanzi anaishi na hekima nyingine inayoikamilisha ile ya kwanza: ufa hauwezi kuzuiwa usizaliwe, kwa hiyo jenga chombo ambamo ufa utazaliwa mdogo na kufa mdogo. Historia nzima ya kauri, kutoka chungu cha Kisarawe hadi injini ya ndege, ni historia ya watu waliojifunza tofauti hiyo.

Kigae kilichogeuza historia

Pwani yetu ina mahali pawili panapoonyesha vizuri jinsi macho yetu yalivyofundishwa kutazama. Ukienda Kunduchi au Kaole, utayakuta makaburi ya nguzo ambayo wajenzi wake walipachika bakuli za kauri kutoka ng'ambo, nyingi zikiwa za China. Kauri ile nyeupe inayong'aa ilikuwa fahari ya wenye nacho, na ilistahili kuwa fahari. Tatizo ni kwamba wanahistoria wa mwanzo nao waliiga macho ya matajiri wale. Katika uchimbaji wa miji ya kale ya Waswahili, kauri za kigeni ndizo zilizopewa nafasi ya mbele, kwa sababu zilisaidia kukisia tarehe na zilithibitisha hadithi iliyokuwa ikipendwa zaman hizo, kwamba ustaarabu wa pwani uliteremshwa kutoka majahazini. Vigae vya nyumbani, ambavyo katika miji hiyo hiyo ndivyo vilivyo vingi kupita kiasi, vilionekana kuwa takataka za jikoni.

Mambo yalianza kubadilika pale takataka hizo zilipoheshimiwa. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha matokeo ya uchimbaji wake huko Kwale, kusini mashariki mwa Kenya, akaeleza aina ya vyungu vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Baadaye Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Limbo, wilayani Kisarawe, akakuta vyungu vya jamii hiyo pamoja na mabaki ya uyeyushaji wa chuma; matokeo yake yalitoka mwaka 1992, na tasnifu yake juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza ikafuata mwaka 1994. Kwa kufuatilia namna vyungu vya karne moja vilivyozaa vyungu vya karne iliyofuata, Chami na wenzake walionyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutoka katika jamii za wakulima wenyeji. Hoja kubwa ya siasa ya historia yetu, yaani nani mwenye nyumba na nani mgeni, iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na vigae vya wanawake wa jikoni.

Hata hivyo, ushindi huo ulitokana zaidi na michoro ya shingo za vyungu. Tulitazama nakshi, mistari na pembetatu zilizochorwa mabegani. Mwili wa chungu wenyewe, ule mchanganyiko wa udongo na chembe unaoonekana pale kigae kinapovunjwa upya, haukupewa nafasi ya kutosha. Na humo ndimo ilimofichwa akili ya mfinyanzi.

Ufa huanzia wapi

Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, aliwasilisha hoja iliyobadilisha fikra za wahandisi. Alikuwa akishangazwa na kioo: kwa hesabu za nguvu zinazoshikanisha chembe zake, kioo kilipaswa kuwa imara mara nyingi kuliko kilivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba ndani ya kioo zimo nyufa ndogo zisizoonekana, na kwamba msukumo wote hujikusanya kwenye ncha ya ufa. Ufa ukifikia urefu fulani, hujiendesha wenyewe, kwa sababu nishati inayoachiliwa na ufa kusonga mbele huzidi nishati inayohitajika kuufungua. Tangu hapo swali la wahandisi likabadilika. Badala ya kuuliza namna ya kutengeneza kitu kisicho na ufa, wakauliza: ni nini kinachoweza kuusimamisha ufa njiani?

Mfinyanzi wa pwani alikuwa na jibu ndani ya beseni lake. Udongo mtupu wa mfinyanzi ni laini na unashikana, lakini ukikauka husinyaa sana, na ukichomwa hutoa chombo kilichobana ambacho ufa hukipita kama kisu. Kwa hiyo kabla ya kuufinyanga, huuongezea chembe ngumu: mchanga, changarawe iliyopondwa, au vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa na kuchekechwa. Chembe hizo hupunguza kusinyaa wakati wa kuanika. Wakati wa kuchoma hufanya kazi nyingine iliyo nyeti zaidi. Mchanga una kwatzi nyingi, nayo kwatzi ikifika nyuzijoto 573 hubadilika ghafula na kutanuka. Chombo kinapopoa hunywea kuliko udongo ulioizunguka. Kila chembe huachana kidogo na ukuta wake na kuzungukwa na vijiufa vidogo mno. Chungu huzaliwa kikiwa na nyufa maelfu.

Nyufa hizo ndizo kinga yake. Ufa mkubwa unapoingia, hukutana na chembe na kulazimika kuizunguka. Hukutana na kijiufa na ncha yake kali ikawa butu. Hugawanyika matawi, na kila tawi hudai sehemu ya nishati yake. Mwishowe huchoka na kusimama. Mwaka 2001 watafiti Tite, Kilikoglou na Vekinis walichapisha katika jarida la *Archaeometry* muhtasari wa vipimo vyao vya maabara kuhusu vyombo vya udongo vya kale. Kwa ufupi walionyesha hivi: ukitaka nguvu, tia chembe chache na uchome kwa moto mkali, ukitaka ustahimilivu na uwezo wa kuhimili joto na baridi za ghafula, tia chembe nyingi na uchome kwa moto mdogo. Katika majaribio ya udongo uliochanganywa na kwatzi, mabadiliko hayo huonekana wazi chembe zikifika kiasi cha asilimia 20 ya ujazo na kuendelea. Chombo hupoteza sehemu ya nguvu yake, na kwa kubadilishana hupata uwezo wa kupasuka polepole bila kusambaratika.

Turudi sasa kwenye maneno yaliyozoeleka kutumika juu ya vyungu vyetu: vizito, vya chembe kubwa, vilivyochomwa bila tanuri, kwa moto wa nyasi na kuni usiozidi sana nyuzijoto mia nane au mia tisa. Maneno hayo yalitumika kama orodha ya upungufu. Ukiyasoma kwa jicho la vipimo hivyo, ni orodha ya masharti ya chungu bora cha kupikia juu ya mafiga. Na palipotumika mchanga wa pwani wenye vipande vya makombe, moto mdogo ulikuwa jambo la lazima, kwa maana makombe yakichomwa kupita kiasi hugeuka chokaa, chokaa hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba, na chombo humeguka chenyewe siku chache baadaye. Moto mdogo haukuwa kushindwa kuwasha moto mkubwa. Wafua chuma wa Limbo, waliokula kutoka vyungu hivyo hivyo, waliweza kuwasha moto wa kuyeyusha mawe.

Moto wa Buhaya na siri ya Hesse

Moto huo mkubwa unatupeleka mbali kidogo na pwani, hadi Kagera, kwa sababu huko ndiko teknolojia yake ilikochunguzwa kwa karibu zaidi nchini mwetu. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, akishirikiana na wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya ujana wao, alishuhudia tanuri likijengwa upya na chuma kikiyeyushwa. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha habari hizo katika jarida la *Science*. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu baadhi ya maelezo yao, hususan dai kwamba hewa ilipashwa moto kabla ya kuingia tanurini. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba tanuri la kuyeyushia chuma huhitaji joto la zaidi ya nyuzijoto 1,200, na kwamba hewa ya mivukuto huingizwa humo kwa mirija ya udongo.

Fikirini juu ya mrija huo. Ncha moja imo ndani ya makaa yanayong'aa kwa weupe, ncha nyingine imo mkononi mwa mtu. Tofauti ya joto kati ya ncha na ncha ingetosha kuupasua mwiko wowote wa kauri nyeupe uliokuwa mezani kwa gavana. Mrija unatakiwa usiyeyuke haraka, usipasuke, na usizibe kabla ya chuma kupatikana. Kwa hiyo udongo wa mirija ulichaguliwa na kuandaliwa kwa kazi hiyo, na haukuwa lazima uwe ule wa chungu cha mboga. Jamii moja ilikuwa na udongo wa moto mdogo na udongo wa moto mkubwa, na ilijua kutenganisha.

Najua pingamizi linalokuja, kwa maana wanafunzi wangu huleta kila mwaka: wafinyanzi na wafua chuma hao hawakujua habari za Griffith wala kwatzi, walifanya tu kama walivyofanya bibi zao, hayo ni mazoea, hayawezi kuitwa sayansi. Nalijibu kwa mfano wa Ulaya. Tangu mwisho wa zama za kati, wafinyanzi wa Hesse huko Ujerumani walitengeneza vyungu vidogo vya kuyeyushia madini vilivyosifiwa na wanaalkemia, wafua dhahabu na wanakemia, vikauzwa hadi ng'ambo ya Atlantiki. Wengi walijaribu kuviiga wakashindwa. Siri yake ilielezwa mwaka 2006 katika jarida la *Nature* na Martinón-Torres, Rehren na Freestone: udongo wenye kaolini nyingi, ukichanganywa na mchanga na kuchomwa kwa moto mkali sana, ulizaa ndani yake fuwele ndogo za madini yaitwayo mulaiti, ambazo huuimarisha mwili wa chombo dhidi ya joto na nyufa. Mulaiti yenyewe ilikuja kupewa jina katika karne ya 20. Wafinyanzi wa Hesse waliitengeneza kwa mamia ya miaka bila kuijua kwa jina. Hakuna kitabu cha historia ya sayansi kinachowaita watu wa mazoea tu. Wanaitwa mabingwa wa teknolojia, na ni haki yao. Ninachoomba ni mizani hiyo hiyo itumike Kisarawe na Kagera.

Sayansi ya kisasa nayo imeendelea kupita njia ile ile. Mwaka 1975 watafiti watatu wa Australia, Garvie, Hannink na Pascoe, waliuliza katika jarida la *Nature* iwapo kauri inaweza kuwa kama chuma. Walikuwa wametumia zirkonia, ambayo chembe zake zinaweza kuzuiwa zibaki katika umbo la joto kali hata zikiwa zimepoa. Ufa unapokaribia, chembe zilizo mbele yake huruka na kurudi katika umbo lao la baridi, huvimba kwa asilimia chache, na kuubana ufa mdomo. Meno bandia meupe yanayowekwa leo na madaktari wa meno yanategemea jambo hilo. Injini za LEAP za ndege aina ya Boeing 737 MAX, ambayo ya kwanza ya Air Tanzania ilipokelewa Oktoba 2023, zina vipande vya kauri mseto: nyuzi za silikoni kabaidi ndani ya mwili wa silikoni kabaidi. Nyuzi hizo zimefunikwa kwa utando dhaifu kwa makusudi, ili ufa unaofika uteleze pembeni badala ya kupenya. Udhaifu uliopangwa mahali pake huleta uimara wa kitu kizima. Mfinyanzi anayetwanga kigae cha zamani na kukitia katika udongo mpya angeielewa kanuni hiyo bila tafsiri ndefu.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kuigeuza dharau ya jana kuwa sifa tupu ya leo. Chungu cha moto mdogo huvuja kidogo, ni kizito, hakifai kuwa kihami cha nyaya za umeme wala sinki la hospitali. Vyombo hivyo vinahitaji tanuri kali na kaolini safi. Hoja ni kwamba kila chombo kina kazi yake, na aliyekibuni alipima faida na hasara. Kumpima mfinyanzi wa chungu kwa kipimo cha kigae cha sakafuni ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa kutojua kulima.

Jiko lililopasuka

Hasara ya kutoelewa jambo hili si ya vitabuni pekee. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake juu ya nishati mpya na jadidifu jijini Nairobi. Katika miaka iliyofuata wataalamu na mafundi wa Kenya, wakichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, waliunda jiko la mkaa lenye koti la bati na moyo wa udongo uliochomwa. Maumbo ya awali, ambayo udongo ulijaza koti lote, yalipasuka upesi, kwa sababu bati na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja. Suluhisho likawa kulibana jiko kiunoni na kuuweka udongo sehemu ya juu tu, pamoja na kurekebisha mchanganyiko wenyewe. Jiko hilo likaenea Afrika Mashariki yote, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Dar es Salaam ikapata ndugu yake, lile tuliloliita jiko bora.

Hapa Chamazi ninakoishi, na njia nzima ya kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande, majiko hayo yamepangwa pembeni mwa barabara. Yote yanafanana kwa rangi na bei. Hayafanani kwa maisha. Lipo linalopata ufa mwezi wa kwanza na kuendelea kupika mwaka mzima, ufa ukiwa umesimama pale pale. Lipo linaloonekana zima hadi siku sufuria ya maharage itakapofurika, maji yadondoke juu ya udongo wenye joto jekundu, na moyo wa jiko udondoke vipande vitatu ndani ya majivu. Mnunuzi hana namna ya kuyatofautisha dukani, kwa maana tofauti imo ndani ya udongo: ukubwa wa chembe, kiasi chake, kuanikwa kivulini au juani, moto ulivyosambaa. Fundi mwangalifu aliyetumia siku nyingi zaidi hulipwa sawa na aliyekimbiza kazi. Ndipo methali ya pili inapotimia: mfinyanzi hulia gaeni. Anayewatengenezea wengine vyombo vizima yeye mwenyewe hula kwenye kipande kilichovunjika.

Anayelipa gharama ni mama wa nyumba ya kupanga anayenunua jiko jingine kabla ya kodi ya mwezi, na ni msitu wa Pwani au Morogoro unaokatwa zaidi, kwa sababu jiko lenye moyo uliomeguka hula mkaa kama lile la bati tupu.

Pugu, Chamazi na meza ya mipango

Serikali ya uhuru haikuwa bila vyombo vya kulishughulikia suala hili. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Shirika la Viwango, TBS, mwaka 1975. TIRDO, la utafiti wa viwanda, mwaka 1979. Ukisoma tarehe hizo kwa mfululizo unaona taifa lililokuwa na nia. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni daraja kati ya taasisi hizo na mtu aliyekuwa tayari anaijua kazi. Mpango ulidhani kwamba maarifa huanzia ofisini na kuteremka. Mfinyanzi aliorodheshwa kama mhitaji wa mafunzo, pengine kama mapambo ya maonyesho ya Sabasaba. Hakuorodheshwa kama mtaalamu.

Tazama Pugu. Katika vilima vile vya Kisarawe imo hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea kauri, wa jamii ile iliyowatajirisha watu wa Hesse. Mahandaki ya mgodi wa zamani leo yanaitwa mapango, nayo hutembelewa na wanafunzi wanaokwenda kutazama popo. Barabara inayotoka mjini kuelekea huko, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu na sasa ni Barabara ya Nyerere, hupita mbele ya uwanja wa ndege. Yaani katika barabara moja zimo ndege zenye kauri mseto ya hali ya juu kabisa na mahandaki matupu ya malighafi ya kauri. Kusini ya Chamazi, Mkuranga, na magharibi, Chalinze, vimejengwa viwanda vikubwa vya vigae vya sakafu, na ni jambo jema kwamba vigae hivyo havitoki tena vyote ng'ambo. Lakini swali la nani anaujua udongo wetu kwa undani, chembe kwa chembe, haliwezi kuachiwa viwanda peke yake.

Ipo mifano inayoonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Ifakara, shirika la MSABI limetengeneza vichujio vya maji vya udongo. Kanuni ya vichujio vya namna hiyo ni kuchanganya udongo na pumba au vumbi la mbao, ambalo huungua wakati wa kuchoma na kuacha matundu madogo mno. Maji hupita, vijidudu hunaswa. Ni kazi ile ile ya kutawala muundo wa ndani, ila hapa badala ya chembe ngumu kinachopangwa ni nafasi tupu. Na hapa hapa Chamazi, familia zilizohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari ziliungana katika ushirika wa nyumba wa Muungano, zikanunua ekari 30 na kujijengea nyumba kwa tofali za kufungamana walizozitengeneza wenyewe. Tofali ya namna hiyo ya udongo na saruji kidogo haisimami kwa wingi wa saruji. Husimama kwa mpangilio wa chembe, kubwa, za kati na ndogo, zikijazana nafasi. Watu walioambiwa kwamba hawana utaalamu walijifunza jambo hilo kwa kuwa nyumba walizokuwa wakizijenga zilikuwa zao.

Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 katika nishati safi. Naliunga mkono lengo hilo. Moshi na mkaa vimewaua wengi na kumaliza misitu. Lakini muongo mmoja ni mrefu kwa anayepika leo jioni, na hata mwishoni mwake asilimia 20 watakuwa bado. Kama jiko la udongo litaachwa lijifie bila kuboreshwa, kwa hoja kwamba ni teknolojia inayoondoka, watakaoumia ni wale wasiomudu mtungi wa gesi. Na mafundi wa udongo watatawanyika na maarifa ambayo kesho tutayahitaji kwa vichujio, kwa matanuri ya waokaji, kwa matofali yanayohimili moto, hata kwa majiko ya umeme yenye sahani za udongo.

Kwa hiyo nawaachia maafisa wa serikali wanaosoma hapa pendekezo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Kiwango cha ubora wa moyo wa jiko kipime ustahimilivu, kisiishie kwenye nguvu: upashwe moto, umwagiwe maji, upashwe tena, mara nyingi, na uhesabiwe umebaki mzima mara ngapi. Kipimo hicho kiandikwe pamoja na wafinyanzi, na kinachofaulu kipate alama mnunuzi aitambue, ili fundi mwangalifu alipwe uangalifu wake. Kwa wanaharakati: mnapodai haki ya mwanamke kumiliki ardhi, ongezeni haki ya kuendelea kulifikia shimo la udongo, kwa maana viwanja vinapopimwa pembezoni mwa jiji, mashimo hayo ndiyo ya kwanza kuzungushiwa ukuta. Na kwa wanafunzi wangu wa historia: vigae vimejaa katika makabati ya idara, vimechorwa nakshi zake na kupewa namba. Ombeni ruhusa, mkate kipande chembamba cha kimoja, mkiweke chini ya hadubini pamoja na mwenzenu wa jiolojia, mhesabu chembe. Kisha mkiri katika tasnifu zenu, kwa maneno ya kawaida ya kitaaluma, kwamba aliyezipanga alikuwa akijua anachofanya.